Abiria Mwenyeji na Abiria Mgeni: Gari la Moshi Uingereza na Marekani

WAHENGA walisema: usiache mbachao kwa msala upitao. Mbacha ni mkeka uliokwisha kuchakaa, lakini ni wako na uko nyumbani. Msala upitao hata ukipendeza vipi ni wa mpita njia, naye akiondoka huondoka nao. Neno hili lafaa sana kupimia mambo ya mataifa mawili makubwa, Uingereza na Marekani, na jinsi kila moja lilivyoutendea usafiri wake wa gari la moshi.

Mwezi wa Septemba mwaka 2025 Waingereza walisherehekea kutimia miaka 200 tangu tarehe 27 Septemba 1825, siku gari la moshi lililotoka katika karakana ya kina Stephenson lilipovuta makaa na watu kutoka Shildon hadi Stockton, kaskazini ya nchi hiyo. Miaka mitano baadaye, Septemba 15, 1830, ikafunguliwa reli baina ya Liverpool na Manchester, na tangu hapo safari ya abiria kwa mvuke, mji hadi mji kwa saa maalumu, ikawa jambo la kila siku.

Marekani haikuchelewa. Mwaka ule ule wa 1830 reli ya Baltimore na Ohio ilianza kuchukua abiria. Ilipofika Mei 10, 1869, vikundi viwili vya wajenzi, kimoja kikitoka mashariki na kimoja magharibi, vilikutana Promontory katika Utah, na bara lote likafungwa kwa chuma. Waliotoka magharibi wengi wao walikuwa Wachina, na wa mashariki wengi walikuwa watu wa Ireland. Kufika mwaka 1916 Marekani ilikuwa na zaidi ya kilomita 400,000 za reli, na hapakuwa na nchi duniani iliyoikaribia.

Basi hapa pana nchi mbili zilizoanza pamoja, zenye lugha moja na hata upana mmoja wa reli, milimita 1,435. Imekuwaje leo moja abiria wake awe mwenyeji katika reli, na nyingine abiria wake awe mgeni anayepishwa akikumbukwa?

HALI YA LEO

Tuanze na hesabu, kwani hesabu haina upendeleo. Katika mwaka ulioishia Machi 2025, Uingereza, nchi isiyotimia watu milioni 70, ilihesabu zaidi ya safari bilioni 1.7 za abiria katika reli zake. Amtrak, shirika la taifa la abiria huko Marekani, nchi yenye watu wapatao milioni 340, lilichukua abiria takriban milioni 33 katika mwaka wake wa hesabu wa 2024, na mwaka ule lilijisifu kwamba halijapata kuchukua watu wengi kama hao.

Haki ni kusema kwamba hesabu hiyo ya Amtrak haiingizi treni za kupeleka watu kazini asubuhi na kuwarejesha jioni, kama zilizoko New York, Chicago na miji mingine. Lakini hata ukizijumlisha zote, Mwingereza bado amemwacha Mmarekani mbali sana.

Mtu atasema: Marekani ni kubwa, na mwenye safari ndefu hupanda ndege. Ni kweli, lakini si kweli yote. Tuchukue miji miwili ya Texas, Houston na Dallas. Baina yao ni kama kilomita 385, na kila mmoja, pamoja na vitongoji vyake, una watu zaidi ya milioni saba. Umbali huo ni mwendo ambao gari la moshi hulishinda gari la barabarani na hata ndege. Walakini hakuna treni ya abiria iendayo moja kwa moja kutoka Houston hadi Dallas. Houston yenyewe hupitiwa na treni moja tu ya masafa, Sunset Limited, nayo hupita mara tatu kwa juma. Sasa tazama London na Manchester, zilizoachana kwa kilomita mia tatu hivi. Treni hutoka kila saa, tena si moja, mchana kutwa. Mtu akikosa ya kwanza hungojea ya pili wala halalamiki.

La kushangaza zaidi ni New York na Chicago. Mwaka 1938 treni mashuhuri iliyoitwa 20th Century Limited ilikuwa ikienda masafa hayo kwa saa 16, na abiria wake walitandikiwa zulia jekundu stesheni. Leo iko treni moja kwa siku inayofuata karibu njia ile ile, Lake Shore Limited, nayo huchukua saa kama 20, ikiwa haikucheleweshwa. Babu alifika mapema kuliko mjukuu! Basi tatizo si umbali, kwani baina ya New York na Chicago hapajazidi hata hatua moja.

NDANI YA BEHEWA

Kabla ya kutafuta sababu, tuingie kwanza ndani ya behewa, kwani tabia ya watu huonekana katika namna wanavyoketishana.

Mwingereza aliigawanya treni yake kwa mfuko. Palikuwa na daraja la kwanza, la pili na la tatu, na hapo mwanzo maskini wa daraja la tatu alisafirishwa kama mzigo, katika behewa lisilo na paa, mvua yake na masizi yake. Mwaka 1844 Bunge lilipitisha sheria kwamba kila reli ya abiria iwe na treni moja angalau kila siku, yenye mabehewa yaliyoezekwa, na nauli isizidi peni moja kwa maili. Ni jambo dogo ukilisoma, lakini maana yake ni kubwa: dola ilikuwa imetamka kwamba maskini naye ana haki katika reli, hata kama reli yenyewe ni mali ya tajiri. Mwaka 1872 kampuni ya Midland ikawaruhusu watu wa daraja la tatu wapande treni zake zote, na mwaka 1956 jina lenyewe la daraja la tatu likafutwa.

Mmarekani alijisifu kwamba kwake hakuna mabwana na watwana. Lakini katika majimbo ya kusini treni iligawanywa kwa rangi ya ngozi, tena kwa sheria. Tarehe 7 Juni 1892, mshona viatu mmoja wa New Orleans aliyeitwa Homer Plessy, mtu wa damu mchanganyiko, aliketi makusudi katika behewa la Wazungu, akakataa kutoka, akakamatwa. Kesi ikaenda mpaka Mahakama Kuu ya Marekani, na mwaka 1896 mahakama ikahukumu kwamba kuwatenga watu ni halali maadamu mahali walipotengewa ni sawa. Usawa huo haukuonekana kamwe. Lakini hukumu iliyotokana na kiti cha treni ikaenda kutawala shule, hospitali na makaburi, hadi ilipoanza kuvunjwa katika miaka ya 1950.

Na wapo waliokuwa ndani ya treni hiyo hiyo kwa kazi. Baada ya utumwa kukomeshwa mwaka 1865, tajiri wa Chicago, George Pullman, mwenye mabehewa ya kulala, aliajiri Wamarekani Weusi wawe watumishi wa kutandika vitanda, kupiga viatu rangi na kubeba mizigo. Abiria wengi hawakujisumbua kuuliza majina yao. Waliwaita wote "George", jina la tajiri wao, kama vile mtumwa alivyoitwa kwa jina la bwana wake. Lakini watu hao hawakulala. Walikuwa wakisafiri nchi nzima, wakisikia yanayosemwa na wakubwa, na wakipeleka kusini gazeti la Weusi la Chicago Defender. Mwaka 1925 Asa Philip Randolph aliwaundia chama chao, na baada ya miaka 12 ya kuvutana, mwaka 1937, kampuni ya Pullman ikatia sahihi mkataba nao. Wengi walioongoza harakati za haki za Weusi baadaye walitoka katika nyumba za watumishi hao.

Sisi wa pwani ya Kenya hatuwezi kuwacheka. Reli iliyoanza kutandikwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901 ilijengwa na Mwingereza, na tikiti zake zilikuwa na madaraja ya Kiingereza. Lakini wazee wetu waliyajua yalivyogawanywa: Mzungu la kwanza, Mhindi la pili, Mwafrika la tatu. Mwingereza ugenini alichanganya mfuko wa kwao na rangi ya Marekani.

MSALA ULIOPITA

Sasa tuje kwenye sababu. Baada ya vita vikuu vya pili, mataifa yote mawili yalipenda motokaa kupita kiasi. Mwaka 1956 Rais Eisenhower alitia sahihi sheria ya kujenga barabara kuu za kilomita zipatazo 66,000, kwa fedha za serikali. Viwanja vya ndege vikajengwa kwa fedha za umma pia. Kampuni za reli zilikuwa za watu binafsi, zilijitengenezea njia kwa fedha zao na juu ya hayo zililipa kodi ya ardhi. Mwaka 1967 posta nayo ikaondoa barua zake katika treni nyingi, na pato hilo ndilo lililokuwa likizishikilia. Mwaka 1970 kampuni kubwa ya Penn Central ikafilisika.

Serikali ikatafuta dawa. Ikaundwa Amtrak, na tarehe 1 Mei 1971 ikaanza kazi. Kampuni za reli zikaruhusiwa kuutua mzigo wa abiria, zikabaki na mizigo yenye faida na, angalia sana, zikabaki na reli zenyewe. Siku hiyo hiyo zaidi ya nusu ya treni za abiria zilizokuwa zimesalia zikatoweka.

Uingereza nayo iliushika wembe. Reli zake zilikuwa zimetaifishwa tangu Januari 1, 1948. Mwaka 1963 Dakta Richard Beeching, aliyeletwa kutoka kampuni ya kemikali, alitoa ripoti akishauri zifungwe stesheni 2,363 na njia za kilomita zipatazo 8,000. Waziri wa usafiri wakati huo, Ernest Marples, alikuwa ametajirika kwa biashara ya kujenga barabara, na watu hawakukosa kulisema. Si yote yaliyoshauriwa yaliyotekelezwa, lakini mengi yalitekelezwa, na miji mingi midogo ikabaki na stesheni zisizo na treni.

Usiku wa kuamkia Januari 6, 1969, treni ya mwisho ilipita katika kijiji cha Newcastleton, mpakani mwa Scotland. Wanakijiji walitoka katika baridi, wakayafunga malango ya kivuko na kuizuia, na mchungaji wa kanisa lao akakamatwa na polisi. Baada ya mazungumzo malango yakafunguliwa, treni ikapita, na njia ikafungwa. Mwaka 2015, miaka 46 baadaye, sehemu ya reli ile ilijengwa upya kutoka Edinburgh hadi Tweedbank, na Waskoti wakaishangilia. Lakini Newcastleton iko mbele zaidi, na reli haijarudi huko.

MSHAIRI NA STESHENI

Zama hizo za kukata ndizo zilizokuwa za kubomoa. Mwaka 1961 lango kuu la mawe la stesheni ya Euston, London, lilianza kuvunjwa, ingawa mshairi John Betjeman na wenziwe walililia sana. Mwaka 1963 New York nayo ikaanza kuivunja Penn Station, jumba la nguzo za mawe lililofunguliwa mwaka 1910. Abiria wakasukumwa chini ya ardhi, na juu ya vichwa vyao pakajengwa uwanja wa michezo.

Misiba hiyo miwili iliwazindua watu. Betjeman aliposikia kwamba stesheni ya St Pancras nayo imo hatarini, hakuacha, na mwaka 1967 ikaandikwa miongoni mwa majengo yanayolindwa na sheria. Mwaka 1972 mtu huyo alifanywa mshairi wa taifa, na leo sanamu yake imesimama ndani ya stesheni hiyo, kichwa juu, akilitazama paa aliloliokoa. Huko New York, Jacqueline Onassis, mjane wa Rais Kennedy, alisimama na wengine kuitetea Grand Central, na mwaka 1978 Mahakama Kuu ikaupa ushindi mji dhidi ya kampuni iliyotaka kupandisha mnara juu yake. Washairi wetu na waone, kalamu si kitu cha kuchezea.

CHA MWENZIO SI CHAKO

Hapa ndipo kwenye kiini cha maneno. Uingereza ilipunguza reli zake, lakini abiria hakupoteza nyumba. Amtrak ilizaliwa bila nyumba. Nje ya kaskazini mashariki, treni zake hupita karibu kila mahali katika reli za kampuni za mizigo. Sheria ya mwaka 1973 yasema treni ya abiria ipewe njia mbele ya mizigo. Lakini anayeongoza taa ni mwenye reli. Tena treni za mizigo zimerefushwa, nyingine zapita kilomita tatu, hata hazienei katika njia za pembeni za kupishana. Mrefu akiwa haenei, mfupi ndiye ajitengaye kando, na mfupi ni treni ya abiria. Mwaka 2024 serikali ya Marekani iliishitaki kampuni ya Norfolk Southern, ikidai kwamba ilikuwa ikiichelewesha treni ya Crescent, iendayo New York na New Orleans.

Mfano bora zaidi uko katika ghuba ya Mexico. Mwezi wa Agosti 2005 kimbunga Katrina kiliing'oa reli ya mwambao baina ya New Orleans na Mobile. Miezi michache baadaye reli ilikuwa imekwisha kutengenezwa na mizigo inapita. Abiria je? Walingoja. Pakawa na ubishi wa Amtrak na wenye reli hata ukafika mbele ya baraza la serikali, ukaisha kwa suluhu mwaka 2022, na treni ya abiria ikarejea Agosti 18, 2025. Chuma kilitengenezwa kwa miezi, na ruhusa ikachukua miaka 20.

Na thibitisho la upande wa pili ni hili. Baina ya Washington na Boston, kilomita 735, sehemu kubwa ya reli ni mali ya Amtrak yenyewe. Huko treni ni nyingi, zaenda mbio, na watu wamezijaza. Treni mpya za Acela zilizoanza Agosti 2025 zafika kilomita 257 kwa saa. Mmarekani yule yule anayesemwa hapendi treni, huipanda palipo na treni ya kupandwa.

TUSEME HAKI

Tusimpambe Mwingereza kupita kiasi. Tikiti zake ni kitendawili: abiria wawili walioketi bega kwa bega, safari moja, mmoja aweza kuwa amelipa mara mbili au zaidi ya mwenziwe kwa sababu ya siku aliyonunua na saa aliyopanda. Katika miaka ya 1990 reli ziliuzwa kwa kampuni binafsi, na tarehe 17 Oktoba 2000 reli iliyojaa nyufa ilivunjika huko Hatfield chini ya treni ya mbio, watu wanne wakafa. Kampuni iliyomiliki njia ikaanguka, na njia ikarudi mikononi mwa umma mwaka 2002. Mwaka 2024 Bunge likapitisha sheria ya kuzirudisha na treni zenyewe, na ya kwanza kurudi chini ya sheria hiyo, South Western, ilirudi Mei 25, 2025. Amezunguka, akarejea alipoanzia.

Wala tusimdhulumu Mmarekani. Reli zake za mizigo ni miongoni mwa zilizo bora duniani, na nafaka na makaa yeye huyapitisha relini. Na ukitaka safari ya kutazama ulimwengu, hakuna Uingereza kitu kama California Zephyr, itokayo Chicago hadi ufuko wa San Francisco, kilomita zaidi ya 3,900, usiku mara mbili njiani. Hupanda milima ya Rockies na ya Sierra Nevada, na chakulani wasiojuana huketishwa meza moja, mkulima na mwalimu, wakazungumza mpaka jangwa likaisha. Mwingereza husafiri na gazeti usoni.

Lakini starehe ya mtalii si haja ya mwananchi. Mzee asiyeweza kuendesha gari, mwanafunzi asiye na fedha ya ndege, mgonjwa wa mji mdogo anayetaka kwenda hospitali ya mji mkubwa, hawa ndio abiria ambao reli ikifungwa hawana pa kwenda. Mwenye motokaa hatambui hata siku treni ilipokufa.

Kenya nayo imetandika reli mpya ya upana ule ule wa milimita 1,435, na treni ya Madaraka yaenda Mombasa na Nairobi tangu mwaka 2017. Ni mbio na ni safi, na Mwenyezi Mungu aidumishe. Lakini stesheni nyingi ndogo alimosimama mkongwe, huyu mpya hupita asisimame. Basi swali la kuuliza si treni yenda kilomita ngapi kwa saa. Swali ni yamsimamia nani, na siku mzigo na mtu watakapogombea njia moja, ni nani atakayeambiwa apishe. Waliojibu vibaya hapo kale walipata nafasi ya kujuta, na majuto ni mjukuu.